Sumukuvu: zile punje mbovu unazotoa kwenye ungo zinaendaga wapi?

Mwaka juzi nilikuwa kwa shangazi kijijini, Dodoma huko, mahindi yameshaingia ndani, tumekaa uani na nyungo tunachambua ya kupeleka mashineni. Shangazi ana mkono mwepesi balaa, mimi nachambua ungo mmoja yeye kashamaliza mitatu. Zile punje zilizooza, zenye rangi ya kijani kijani, zilizotobolewa na wadudu, anazitupia kwenye sufuria moja bovu pembeni. Nikamuuliza, shangazi hizo unazipeleka wapi? Akanitazama kama nimeuliza jua linachomoza wapi. "Sasa kuku wangu wale nini?"

Nikanyamaza, maana nilikuwa mgeni na nilikuwa nategemea huyo huyo kuku jioni. Ila lile sufuria limenikaa kichwani mpaka leo, kwasababu ukilifuatilia vizuri ndio unaelewa kwanini hili tatizo la sumukuvu haliishi pamoja na matangazo yote ya redioni.

Tuanze na kitu chenyewe. Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na kuvu, fangasi yani, na ile inayotusumbua zaidi huku kwetu ni aflatoksini. Kuvu wake wakubwa ni wawili, Aspergillus flavus na Aspergillus parasiticus, na wanaishi tu kwenye udongo na mabaki ya mazao miaka yote, hawajaletwa na mtu. Dunia ilikuja kushtuka mwaka 1960 huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya laki moja wakafa ndani ya miezi michache na hakuna aliyejua ni ugonjwa gani, wakauita ugonjwa X. Kufuatilia wakakuta wote wamelishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil na yale mashudu yamejaa kuvu. Hata jina aflatoksini limetoka hapo, wamechukua herufi ya kwanza ya Aspergillus, wakaunganisha na herufi za mwanzo za flavus, wakamalizia na neno la sumu. Kwahiyo mtu akikwambia haya ni magonjwa ya mahindi ya Afrika mwambie kesi ya kwanza maarufu ilikuwa mifugo ya Wazungu.

Sasa shida kubwa ya hii sumu ni kwamba inapingana na kila kitu tulichofundishwa nyumbani kuhusu chakula kibaya. Chakula kibaya kinanuka, hii hainuki. Chakula kibaya kina ladha, hii haina ladha wala rangi. Ile karanga chungu unayoitema ukiwa unatafuna, ule uchungu ni wa mafuta yaliyoharibika na ukungu, sio sumu yenyewe, ila ni dalili nzuri kwahiyo endelea kuitema. Na punje inaweza kuonekana safi kabisa ikawa na sumu, na nyingine ina ukungu mweusi au wa pinki ikawa haina aflatoksini (ingawa hapo inaweza kuwa na sumu nyingine ya kuvu wengine, usiseme nimekuruhusu ule).

Afu ndugu zangu, moto. Hapa ndio watu wengi hawataki kusikia. Sisi tunaamini kikichemka kimepona, na kwa kipindupindu au minyoo hiyo ni kweli kabisa, vile ni viumbe vinakufa. Lakini sumukuvu sio kiumbe, kiumbe ni kuvu, sumu ni kitu alichokitema yule kuvu na akishakitema unaweza kumuua yeye na sumu yake ikabaki pale pale. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100, aflatoksini inahitaji zaidi ya 200 na kitu ndio ianze kuvunjika vizuri, sasa ugali gani huo unaupika nyuzi 200? Kukaanga karanga kunapunguza kidogo, hakumalizi. Kuchachusha togwa au pombe hakuiondoi yote. Na ile dawa ya unga ya kuhifadhia mahindi stoo inaua fukusi, kuvu haimhusu wala sumu haimhusu, kuna watu wanajua wameshatibu mahindi kumbe wamefukuza wadudu tu.

Nilitaka kujua kiasi gani ndio kinadhuru nikakaa nikapiga hesabu, na hesabu yenyewe ilinitisha. Kiwango kinachoruhusiwa nchi za Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo moja ya mahindi, na ile kali kuliko zote, B1, isizidi 5. Ukizidisha kwa gunia la kilo 100 unapata miligramu moja. Miligramu moja kwenye gunia zima! Hiyo ni kama punje kumi na kitu za chumvi ya mezani, umezisambaza kwenye gunia la mahindi, zikizidi hapo gunia halifai. Afu sumu haijisambazi vizuri kama chumvi kwenye maharage, inajikusanya. Unaweza ukawa na punje elfu hazina kitu na moja imebeba sumu ya kutosha kuharibu kilo kadhaa peke yake.

Ukishika hiyo ndio utaelewa ule mzozo wa mpakani ambao watu waliufanya wa kisiasa tupu. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda, barua ya tarehe 5, sababu iliyoandikwa ni sumukuvu, malori yakakwama mpakani, mitandaoni kila mtu akawa balozi. Siku chache baadae, tarehe 10, wakafungua kwa masharti, muagizaji ajisajili na mzigo uwe na cheti kwamba hauzidi ile 10. Siasa haikosekani kwenye mahindi, sikatai. Lakini hata kama kusingekuwa na siasa hata chembe bado lori moja linaweza kupimwa Arusha likafaulu likapimwa ng'ambo likafeli, na hakuna aliyedanganya. Yule wa kwanza kachota sampo upande ambao ile punje mbaya haipo, wa pili kaikuta. Ndio maana wataalamu wanasisitiza uchote sehemu nyingi za mzigo, juu katikati chini, uchanganye, usage, ndio upime. Ukichoma ile bambo ya kuchotea sampo kwenye magunia mawili ya mlangoni ukaandika cheti, umepima magunia mawili ya mlangoni.

Na kingine kinachoniudhi kidogo kwenye haya mambo ya viwango. Ulaya kikomo chao kwa nafaka ni 4, sisi 10, Marekani 20. Ukisoma haraka unaona sisi tuko katikati tumependeza. Lakini Mjerumani anakula mahindi lini? Sisi kuna nyumba nyingi ni uji asubuhi, ugali mchana, ugali usiku, mtu mzima anapitisha gramu 300 mpaka 400 za mahindi kwa siku bila kutoka jasho. Sumu inayoingia mwilini ni kiwango mara kiasi unachokula. Na mzigo mzuri uliochambuliwa ndio unaenda soko la nje maana huko wanapima, ule uliokataliwa unarudi na unakuwa wa kwetu, maana mahindi ya kwenye debe gengeni na yale ya shambani kwako hakuna anayeyapima. Ufuatiliaji wa vyakula Tanzania tangu 2019 uko TBS, shirika la viwango, kabla ilikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, na wote hao kazi yao inaanzia kwenye viwanda na maduka. Familia inayolima, inayochambua, inasaga kwa mashine ya jirani na kula, hiyo iko nje ya mfumo kabisa, na ndio familia nyingi.

Inapoua inauaje? Kuna njia mbili na zimechanganywa sana. Ya kwanza ni ya haraka, unakula nyingi kwa mfululizo wa siku au wiki, ini linafeli. Macho yanakuwa ya manjano, tumbo linauma linajaa maji, kutapika, miguu inavimba. Kenya 2004, Makueni na Kitui na maeneo ya jirani, walirekodiwa wagonjwa 317 na waliokufa 125. Mwaka ule mavuno yalikuwa hafifu na mvua ikawakuta wakati wa kuvuna, watu wakaogopa mahindi kuibiwa nje wakayaingiza ndani yakiwa na unyevu, wakayalundika sakafuni. Mtu mwenye njaa anaelewa kabisa kwanini ungefanya hivyo. Halafu walipopima mahindi ya masokoni wakakuta zaidi ya nusu ya sampo yamevuka mikrogramu 20, machache yamevuka 1,000. Na haikuwa mara ya kwanza, Machakos ilishatokea 1981.

Kwetu ilikuja 2016, Dodoma na Manyara, maeneo ya Chemba, Kondoa, Kiteto. Mnakumbuka iliitwa ugonjwa usiojulikana? Watu wanapata manjano wanavimba tumbo, wengi ni watoto, majirani wanaanza kutazamana vibaya. Mpaka mwisho walihesabiwa wagonjwa 68 na karibu 20 walifariki, na kwenye nyumba za wagonjwa walikuta mahindi mengine yana makumi ya maelfu ya mikrogramu kwa kilo. Kikomo ni 10 tuelewane. Mimi nawaza hawa 68 ni wale waliofika kwenye macho ya daktari, na kwa kijiji ambacho zahanati iko kilomita kadhaa na manjano inatibiwa na mizizi kwanza, sijui tuseme nini.

Njia ya pili ni ya polepole na ndio inayomaliza watu wengi zaidi bila kelele. Kidogo kidogo, miaka na miaka. Aflatoksini iko kundi la kwanza kwenye orodha ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lile kundi la vitu vilivyothibitika kabisa, pamoja na sigara. Inashambulia ini. Na ina rafiki yake anaitwa homa ya ini B, kila mmoja peke yake ni mbaya, wakikutana kwa mtu mmoja hatari ya kansa ya ini haijumlishwi, inazidishwa, inafika mara 30 hivi ukilinganisha na anayekula sumukuvu tu bila hivyo virusi. Sasa huku kwetu virusi vya homa ya ini B vipo vingi na mahindi yenye kuvu yapo mengi, ndio maana unasikia kijana wa miaka arobaini hanywi hata bia kaondoka na kansa ya ini na msibani watu wanasema labda alikuwa anakunywa kwa siri.

Hapo pia kuna habari njema ambayo haisemwi sana. Ile chanjo ya watoto ya wiki ya 6, 10 na 14, ndani yake kuna kinga ya homa ya ini B, na imekuwepo Tanzania toka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Yani kadi ya kliniki inapigana na sumukuvu kwa mlango wa nyuma, haiondoi sumu ila inaondoa mshirika wake. Wewe uliyezaliwa kabla ya hapo unaweza kupima, na kama huna virusi unaweza kuchanjwa ukubwani.

Upande wa watoto ni mgumu zaidi kuuelezea. Tanzania watoto chini ya miaka mitano waliodumaa ni kama asilimia 30 kwa utafiti wa taifa wa 2022, na kuna tafiti nyingi zinaonyesha mtoto anayekula sumukuvu zaidi anakua polepole zaidi. Lakini mtoto huyo huyo mara nyingi ndio anayekula mlo wa aina moja, anaharisha mara kwa mara, mama yake ana kazi nyingi, kwahiyo kutenganisha kipi kimefanya nini ni kazi, msimwamini mtu anayesema udumavu wote ni sumukuvu, na msimwamini anayesema haihusiki. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kuhusu unga wa lishe. Mama anataka mwanae anenepe, anachanganya mahindi, karanga, soya, ulezi, mtama, vyote vinasagwa pamoja. Nia nzuri kabisa. Ila mahindi na karanga ndio vinara wa sumukuvu, na ukishasaga huwezi kuchambua tena. Karanga za huo unga ndio zinatakiwa ziwe bora kuliko zote ndani ya nyumba, na mara nyingi ndio zinakuwa zile chenga za bei rahisi kwasababu "si zinasagwa tu". Hiyo sentensi, si zinasagwa tu, ingekuwa na uzito ingejaza lori. Na maziwa ya mama jamani endeleeni nayo, ni kweli sumu kidogo inapita humo ila ni ndogo sana ukilinganisha na uji wa mtoto wa miezi mitatu.

Turudi shambani maana kuvu haianzii stoo kama wengi wanavyodhani. Inaanza mmea ukiwa umesimama. Mahindi yakipigwa na ukame wakati yanajaza punje yanakosa nguvu ya kujilinda, ndio maana Dodoma, Manyara, ukambani kule Kenya yanajirudia. Wadudu wanatoboa, kila tundu ni mlango. Yule dumuzi ambaye huku tulimpa jina la Scania, na Wakenya wakamuita Osama, anasaga punje mpaka inakuwa vumbi na nyuma yake kuvu inajipitia. Afu unavuna, unayamwaga chini kwenye udongo ambao ndio nyumbani kwake kuvu, unayajaza kwenye gunia unayapukuchua kwa kupiga fimbo, nusu ya punje zinapasuka. Kwenye gunia la plastiki, sakafuni, yakiwa na unyevu. Tukiwa na mpango wa kumfuga tusingefanya vizuri zaidi.

Kinachosaidia sio siri. Kuvuna yakikomaa bila kuyaacha wiki na wiki shambani, kuanika juu ya turubai au kichanja, kuweka magunia juu ya mbao mbali na ukuta. Unyevu ushuke mpaka asilimia 13 hivi, na kama huna kipimo chukua chupa kavu ya glasi, weka mahindi mpaka robo, tia kijiko cha chumvi kavu, funga utikise dakika kadhaa uache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa mahindi bado, rudisha juani. Ikishuka yote chini ujue unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi, yameshakaribia. Ile mifuko yenye plastiki mbili ndani inayoziba hewa ni mizuri, fukusi wanakosa pumzi wanakufa bila dawa, ila ukitia mahindi mabichi mfuko haugeuki kuwa jua.

Halafu kuna hii ya Aflasafe, ambayo mtu akiisikia mara ya kwanza anaona ni utapeli. Ni punje za mtama zilizopakwa kuvu, ndio, kuvu ile ile Aspergillus flavus, lakini koo ambazo haziwezi kutengeneza sumu. Unazitawanya shambani kilo 4 kwa ekari wiki mbili tatu kabla mahindi hayajatoa maua, zinawahi kukaa kwenye nafasi kabla ya zile zenye sumu, kama mtu anavyotuma mdogo wake awahi kiti kwenye daladala. Imetengenezwa na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto, pamoja na wizara ya kilimo ya Marekani, kila nchi inatumia koo zilizopatikana kwenye udongo wake, Tanzania ipo, Kenya ipo, na inapunguza sumu asilimia 80 kwenda juu. Shida yake ni ya kibiashara. Mkulima analipia, halafu anapeleka mahindi sokoni ambapo aliyetumia na asiyetumia wanapewa bei moja. Wewe ungenunua mara ya pili?

Na ule ubishi wa dona na sembe, samahani wapenzi wa dona. Sumu nyingi inakaa kwenye gamba na kiini, kwahiyo kukoboa kunatoa sehemu kubwa. Kwa mahindi mazuri dona ni bora, ina virutubisho, hakuna ubishi. Kwa mahindi usiyoyaamini, koboa. Tatizo ni kwamba ile sumu haikuyeyuka, imehamia kwenye pumba, na pumba anakula ng'ombe wa maziwa. Asilimia chache ya aliyokula inatoka kwenye maziwa ikiwa imebadilika kidogo inaitwa M1, na inavumilia kuchemshwa kama mama yake. Kuku nao wanadumaa, mayai yanapungua, mfugaji analaumu chanjo ya kideri. Zile karanga zilizochambuliwa zinapata mnunuzi wa bei ya chini, zinasagwa, zikishasagwa zina rangi ile ile na karanga nyingine. Mahindi yaliyooza kabisa yanaenda kwenye pombe. Punje mbovu haitupwi, inashuka tu ngazi moja inatafuta mtu au mnyama mwenye uchaguzi mdogo zaidi, halafu inapanda tena kupitia glasi ya maziwa.

Mwaka jana nilirudi kwa shangazi nikiwa na maneno yangu yote haya. Nikamweleza taratibu, kuvu, ini, maziwa, bata mzinga wa Uingereza, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza sasa haya mabovu nifanyeje. Nikamwambia chimba shimo ufukie au choma moto. Akanyamaza akapima lile sufuria kwa mkono, lilikuwa na kama kilo mbili, na mvua mwaka ule hata magunia manne haikuwapa. "Mwanangu," akasema, "kuku nao unataka niwanunulie chakula dukani?" Sikuwa na jibu la hapo. Tukachimba shimo, akamwaga lile sufuria, na asubuhi nilipoamka nikakuta kuku wamelifukua.